Herufi S inanidai

Jamani, mimi ni mtunza stoo. Nahesabu katoni za sabuni. Sikuajiriwa kumwandikia barua Mfalme wa Uingereza. Lakini tangu Januari meneja wetu katangaza kwamba barua pepe zote za ofisini ziwe za Kiingereza, tena kilichonyooka. Ofisi nzima tuko 12, Waswahili watupu. Mwenyewe meneja akibanwa kidole na droo, kilio chake ni "mamangu weee!"

Kinachonitesa zaidi ni hii herufi S. Nilikutana nayo kidato cha kwanza, mwaka ule tulipotoka shule ya msingi tukijua hesabu na jiografia kwa Kiswahili, tukafika sekondari tukakuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza, kana kwamba tumehamishwa nchi usiku. Mwalimu akasema vitu vikiwa vingi weka S. Mbuzi mmoja "goat", wengi "goats". Sawa, nikashika. Wiki ya pili akaja na mapya: mbuzi akila peke yake, S inamtoka inahamia kwenye kula, "the goat eats". Wakija wenzake, inarudi kwa mbuzi, "the goats eat". Yaani S yenyewe ni moja, kama shuka fupi: ukimfunika mbuzi, kula kunabaki uchi. Na kondoo ndio kabisa, awe mmoja, wawe mia, ni "sheep" tu, hataki kuisikia.

Juzi nimeandika "furnitures" kwenye ripoti ya stoo, kompyuta ikanipigia mstari. Viti 20 na meza 8 nimevihesabu kwa mkono wangu huu, naambiwa havina wingi!

Halafu "he" na "she". Kwetu yeye ni yeye, mambo mengine mtayajua mkikutana. Nikamjibu mteja kwamba meneja ana kikao, "he will call you". Nakala ikamfikia mwenyewe. Akaniita, akanitazama, akauliza, "Baba, mimi nina ndevu?"

Zile "the" na "a" nilishakata tamaa nazo. Naandika barua yote bila hata moja, mwisho nazinyunyiza kama chumvi. Mara nyingine inakolea.

Lakini la kuniaibisha mbele za watu lilikuwa la saa. Mkaguzi alikuwa anakuja kutoka Afrika Kusini, kikao saa mbili asubuhi. Nami nikaandika nilichosikia kichwani: "2 o'clock". Tumepanga viti, tumeagiza sambusa, tumekaa. Saa tatu. Saa nne. Saa tano sambusa zikaanza kupungua, simtaji mtu. Mgeni akaingia saa nane kamili mchana, katabasamu, kakuta sahani ina limau tu. Hilo hata si la sarufi, lakini liliandikwa kwenye faili langu.

Baada ya hapo nikawa makini. Nikachelewa siku moja, nikaandika kwamba nilikuwa "in the bus". Nikasahihishwa: "on the bus". Eti gari dogo unakuwa ndani, basi unakuwa juu. Mimi nimetoka Mbagala asubuhi hiyo kichwa kiko kwapani kwa mtu, huko juu nilikuona saa ngapi?

Sasa wiki hii mwezi umekaba. Gesi imeisha, mtoto anadaiwa hela ya mtihani. Nikamwandikia mhasibu aniazime elfu hamsini. Kwa Kiswahili kuazima ni kuazima, mtoaji na mpokeaji wanagawana neno moja kwa amani. Nikaandika kwa adabu zote, S zangu nimezipanga, chumvi nimenyunyiza: "Please borrow me until end of the month."

Jibu likaja baada ya dakika mbili, na kwa mara ya kwanza tangu Januari lilikuwa la Kiswahili: "Kaka, nikuazime wewe nikakuweke wapi? Kwangu ni chumba kimoja."

Na ile elfu hamsini hata hakuigusia.