Magofu ya Kilwa na Pengo la Forodhani

Mgeni anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hupokewa na Gereza, ngome ya ufukweni ambayo sehemu ya ukuta wake imekwisha kumegwa na bahari. Akipanda juu kidogo hufika Msikiti Mkuu, ambako baadhi ya kuba zingali zimesimama na nyingine zimeacha duara la anga juu ya matao. Anayeteremka Forodhani, Unguja, naye hukutana na aina nyingine ya uharibifu: Beit-el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ambalo sehemu yake kubwa, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Kila inapozungumzwa orodha ya mahali pa kihistoria pa kutembelea Tanzania, sehemu hizi mbili hazikosi kutajwa, na hoja ileile huzuka: kwa nini tusizijenge upya, zikaonekana kama zilivyokuwa?

Wanaotaka ujenzi wana sababu nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Gofu halimwambii neno asiyefundishwa kulisoma. Mwanafunzi aliyeletwa kwa basi na kisha kwa mashua huoneshwa ukuta usio na paa, akaambiwa kwamba hapa palikuwa na mji uliotawala biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo, na kupiga sarafu zake wenyewe. Analazimika kuliamini hilo kwa sababu tu mwalimu amesema. Ujenzi pia huwapa mafundi kazi, na kazi ndiyo inayouweka hai ufundi. Wenye hoja hii wana mifano ya nje wanayoweza kuitaja. Mji wa kale wa Warsaw, nchini Poland, uliobomolewa katika Vita Kuu ya Pili, ulijengwa upya karibu wote, na mwaka 1980 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Makaburi ya mawalii wa Timbuktu, nchini Mali, yaliyovunjwa mwaka 2012 yalisimamishwa tena na waashi wa mji huohuo.

Upande wa pili husimama juu ya Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unaokataza kujenga upya magofu ya kale na kuruhusu tu vipande vilivyoanguka virudishwe mahali pake. Wengi huuona msimamo huo kuwa ukaidi wa wataalamu. Kilwa, hata hivyo, inaonesha kwa nini uliwekwa.

Chukua Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali upande wa mashariki wa mji, lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alimkuta Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Wachunguzi wa mambo ya kale wanaona kwamba kasri hilo halikuwahi kukamilika, na kwamba lilikaliwa kwa muda mfupi tu. Basi atakayelijenga upya atajenga nini? Akilimaliza, atakuwa amemkamilishia Sultani kazi ambayo mwenyewe hakuikamilisha. Tena huyo Ibn Battuta, ambaye kila kijitabu cha watalii humnukuu akiisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, katika nakala nyingi za safari yake anasema nyumba za mji huo zilikuwa za miti na zimeezekwa kwa nyasi. Hapo shahidi wetu mkuu na mawe tunayoyaona hawasemi jambo moja. Gofu linaweza kuishi na utata huo kwa karne nyingine saba, lakini mkandarasi hawezi, kwa sababu ni lazima mchoro wake uchague paa moja.

Lipo pia suala la vifaa, ambalo katika mijadala ya namna hii halipewi nafasi linayostahili. Kuta za pwani yetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hutokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, kisha ikamwagiwa maji na kuachwa ikomae kabla ya kutumiwa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji, ambayo ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, unyevu hukwama ndani na chumvi ikakusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu kadhaa ya mvua jiwe huanza kumung'unyuka kama sukari guru huku lipu ikionekana nzima. Anayetembea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe ataona mahali ambapo bamba la saruji limebanduka, na nyuma yake hakuna ukuta bali vumbi. Kwa hiyo ukarabati wa haraka unaweza kuua kile ambacho utelekezaji ungekidhoofisha tu.

Kwa Kilwa, nami naegemea upande wa kuacha, ila si kuacha kwa maana ya kutupa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kuta kuimarishwa. Hiyo ni miaka kumi ya kazi ambayo mgeni haioni, na ndiyo sifa yake. Kuhusu yule mwanafunzi asiyeweza kulisoma gofu, jibu lake tunalo hapa nchini. Nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu wa kale huko Laetoli, za miaka takriban milioni 3.6, ziligunduliwa mwaka 1978, zikafukiwa tena ili zisiharibike, na mgeni huoneshwa nakala yake katika makumbusho ya Oldupai. Kilwa nayo inaweza kuwa na mfano wa Husuni Kubwa mezani, wenye mapaa mawili au matatu ya kubahatisha, bila jiwe moja kuguswa juu ya jabali.

Beit-el-Ajaib ni kesi nyingine, na kosa la wajadili wengi ni kuipima kwa kipimo cha Kilwa. Jumba hili lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 halikuwahi kuachwa na watu wake hata likageuka gofu. Lilipigwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 katika vita visivyotimiza saa moja, likatumika kama ofisi za serikali ya kikoloni tangu mwaka 1911, likaingia mikononi mwa chama cha Afro-Shirazi (ASP) baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha likawa makumbusho. Mnara wa saa ulioanguka haukuwa hata wa Barghash. Ule wa awali ulisimama peke yake mbele ya jumba na ukaharibiwa kwa mizinga, na huu tuliouzoea uliunganishwa na jumba wakati wa matengenezo yaliyofuata. Picha zinazopendwa za Forodhani, kwa hiyo, ni picha za jengo lililokwisha kujengwa upya mara moja. Nani atasema mara ya pili ni haramu?

Hata hivyo lisijengwe kwa kujifanya halikuanguka. Ndani yake Barghash alichanganya matumbawe na boriti na vyuma vilivyoagizwa ng'ambo vilivyoruhusu kumbi pana na dari za juu kupita nyumba yoyote jirani, na vyuma katika hewa ya chumvi huoza. Likirudishwa, ningependa mpaka kati ya ukuta wa zamani na mpya uonekane kwa macho, hata kwa mstari mwembamba wa chokaa isiyopakwa rangi, na majina ya wafanyakazi wale wawili yaandikwe mlangoni.