Miaka Saba Kuanzia Lini?

Mwaka 2016 mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa ofisi yetu alikuja mapokezi akaomba kuonana na mtu wa masijala. Mtu wa masijala ni mimi. Nikamwamkia, nikampa kiti, naye akanieleza shida yake bila haraka. Mfuko wa hifadhi ya jamii ulikuwa umemwambia kwamba michango yake ya miaka ya mwanzo haionekani, kwa hiyo alete kitu kutoka kwa mwajiri kinachoonyesha alianza kazi lini. "Barua ya ajira tu, mwanangu. Ipo kwenye faili langu."

Faili lake halikuwepo. Lilikuwa limechanwa mwaka mmoja kabla, pamoja na mengine yaliyojaza maboksi kumi na moja, na fomu ya uteketezaji ilikuwa na sahihi yangu.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimefuata mwongozo. Mwongozo wenyewe ulitoka kampuni mama, huko nje: jedwali la kurasa sitini na kitu, upande mmoja aina za nyaraka, upande wa pili misimbo ya muda wa kuhifadhi. (Ofisini misimbo hiyo tulizoea kuiita "kodi", kutokana na "code" ya Kiingereza, mpaka mhasibu akatuomba tuache, maana kila akilisikia hilo neno moyo unamruka.) Kwenye mstari wa mafaili ya wafanyakazi paliandikwa ACT+7. Mimi nilikuwa sina muda mrefu tangu nitoke chuo Tabora, kichwa bado kimejaa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Nilipoona ACT nikasoma "Act", yaani sheria. Nikajiambia: sheria inataka miaka saba. Faili la mzee lilifunguliwa 1994. Saba ilishapita zamani, weka kwenye boksi.

Kumbe ACT ni kifupi cha neno la Kiingereza linalomaanisha jambo bado liko hai. ACT+7 maana yake utunze faili muda wote mtu yuko kazini, na siku akiondoka ndipo uanze kuhesabu miaka saba. Mzee alistaafu 2013. Faili lake lilipaswa kuwepo kabatini hadi 2020. Hata tukiuweka pembeni mwongozo wa kampuni, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Kwa hesabu yoyote ile, nilikuwa nimechana karatasi iliyo hai.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na namba. Watu wote, kuanzia meneja hadi fundi anayekuja kutengeneza rafu za stoo, wanauliza swali moja tu: hii inakaa miaka mingapi? Hakuna anayeuliza kuanzia lini. Na misimbo hii, ukiitazama vizuri, sehemu kubwa ya kazi yake ni kujibu swali hilo la pili. Namba iliyo mwishoni mtoto wa darasa la tatu anaisoma. Kazi iko kwenye herufi zilizotangulia.

Chukua risiti ya manunuzi ya Februari 2018. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka za kodi zitunzwe angalau miaka mitano tangu mwisho wa mwaka wa mapato zinaouhusu. Ukihesabu kutoka tarehe iliyoandikwa kwenye risiti, utaichana Februari 2023 ukiwa na amani moyoni. Lakini kwa mfanyabiashara ambaye mwaka wake unaishia Desemba, saa inaanza kugonga tarehe 31 Desemba 2018, na risiti inatakiwa iwepo mpaka mwisho wa 2023. Umewahi kwa miezi kumi. Hicho ndicho kinachobebwa na CY+5: mwaka wa kalenda uishe kwanza, halafu mitano. Ukikuta FY badala ya CY, ni mwaka wa fedha, na kwa ofisi ya serikali mwaka huo unaanza Julai. Ni tofauti ya herufi moja, na inaweza kuisogeza tarehe ya kuchana kwa nusu mwaka.

Kwenye mikataba ndiko ninakoona watu wakiumia zaidi. Ile saba inayojirudia kwenye miongozo mingi ya kampuni haikutoka mbinguni. Sheria yetu ya ukomo wa muda, ya mwaka 1971, inampa mtu miaka sita kufungua shauri la mkataba, miaka mitatu kwa madai ya madhara na kumi na miwili kwa ardhi, na Kenya wana namba hizohizo. Kampuni nyingi huchukua sita, zikaongeza mmoja wa tahadhari, ikawa saba. Sasa hiyo sita inahesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa, yaani kwa kawaida siku mkataba ulipovunjwa. Siku ya kusaini haina kazi hapo. Mpangaji amesaini mkataba wa pango wa miaka kumi mwaka 2010, akaacha kulipa 2019: mwenye nyumba ana mpaka 2025 kwenda mahakamani. Ofisi iliyosoma "7" ikahesabu kutoka tarehe ya sahihi imeshauchana mkataba 2017, mpangaji bado yumo ndani na mapazia yake.

Mwongozo ulionisaidia kuyaelewa haya, sitaficha, ni wa jimbo la Texas, Marekani. Tume ya Maktaba na Nyaraka ya jimbo hilo imetoa jedwali la ofisi za serikali linalosomeka na mtu yeyote mwenye intaneti, na misimbo yake ni michache, inajaa kwenye kiganja. AC ni baada ya jambo kufungwa. CE ni mwisho wa mwaka wa kalenda na FE mwisho wa mwaka wa fedha. LA ni uhai wa mali yenyewe, kama gari au jengo. US ni mpaka toleo jipya lichukue nafasi ya la zamani. PM ni milele. Kilichonivutia ni jinsi walivyoibana AC. "Jambo kufungwa" ni maneno yanayoteleza, kwa hiyo kwenye safu ya maelezo wanakuandikia kufungwa kwa nyaraka hiyo maana yake nini. Kwa mkataba, AC ni mkataba kuisha muda wake au kuvunjwa, na baada ya hapo miaka saba. Laiti ningewekewa maelezo ya namna hiyo mwaka 2015, mzee wangu asingepanda daladala mbili kuja kutafuta karatasi iliyokwishachanwa.

Hata hao wa Texas wana msimbo mmoja ninaougombeza: AV, yaani tunza kwa kadiri nyaraka inavyofaa kwa kazi. Inafaa kwa nani? Uingereza mwaka 2010 kadi za kuingilia nchini za wahamiaji waliotoka Karibiani miongo mingi nyuma ziliteketezwa, kwa sababu idara husika haikuona tena zina kazi. Miaka michache baadaye wazee walewale wakatakiwa kuthibitisha wameingia lini, wengine wakapoteza ajira, matibabu, hata haki ya kubaki. Kadi ilikuwa haina kazi kwa aliyeitunza. Kwa aliyetajwa ndani yake ilikuwa na kazi sana.

Na herufi ikiwa siri ya wachache inaweza kufanya mabaya kuliko uzembe wangu. Kenya, mwaka 1961, serikali ya kikoloni ikijiandaa kufunga virago, iligawa mafaili yake makundi mawili. Yaliyoitwa "Legacy" yangeweza kuachiwa serikali mpya ya Waafrika. Yaliyoitwa "Watch" yaligongwa W nyekundu, na aliyeruhusiwa kuyashika ni afisa aliyekuwa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya, basi. Mengine yakachomwa, kukiwa na maelekezo kwamba hata majivu yapondwepondwe. Mengine yakasafirishwa kimyakimya. Karani Mwafrika wa masijala, aliyelijua kila jalada kwa namba yake, hakutakiwa hata kuijua W hiyo. Miaka hamsini baadaye, wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza London, ndipo mwaka 2011 ikakubali kwamba ina mafaili kama 8,800 kutoka makoloni 37, yamehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali hukohuko Uingereza. Mwaka 2013 ikalipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Nami huwaza ya yale yaliyochomwa, ambayo hakuna mzee aliyeweza kuyaita mahakamani.

Nirudi masijala kwetu. Tuna herufi zetu za zamani, tulizorithi kwa haohao: BU jalada lirudishwe tarehe fulani, PA jalada liwekwe kabatini, KIV tuliangalie tuone. Hizi kila karani anazijua usingizini, kwa sababu mtu huzifundishwa na mwenzake, jalada likiwa mezani. Misimbo ya muda wa kuhifadhi hakuna anayefundishwa hivyo. Inakuja kwa baruapepe, kiambatisho cha PDF, ufunguo wake uko ukurasa wa mwisho au umesahaulika kabisa.

Wataalamu wa mifumo wananiambia tatizo litaisha mafaili yote yakiingia kwenye kompyuta: mfumo unausoma msimbo wenyewe, siku ikifika unakupigia kengele. Kwa CY+5 nakubali, kalenda haihitaji kuambiwa kwamba mwaka umeisha. Ila ACT+7 inasubiri tukio, na tukio lazima mtu alitaarifu. Mfanyakazi anaacha kazi Ijumaa, anaagwa kwa soda na keki, picha zinarushwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Na masijala hatuletewi hata kikaratasi. Kwenye mfumo huyo mtu bado yuko kazini. Mwaka juzi nilikuta mafaili ya watu wawili ambao tulishawazika, yote yakisomeka "hai". Hayo hayatateketezwa kamwe.

Na kuweka vitu milele nako si usalama kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki ukae na taarifa za mtu kupita muda unaohitajika kwa kazi uliyozichukulia. Kenya wana ya kwao ya 2019 inayosema mambo hayohayo. Lakini mwoga yeyote akikutana na msimbo asiouelewa anaandika PERM, yaani milele. Stoo yetu ilijaa PERM mpaka mlango ukawa haufunguki wote, na mvua za masika zikapita na rafu ya chini. Mkataba wa kufyeka majani wa mwaka 2003 tuliuanika juani kama dagaa.

Maoni yangu, na najua wakaguzi hawatayapenda, ni kwamba msimbo usiruhusiwe kusimama peke yake kwenye boksi. Kompyuta iandike ACT+7 inavyotaka. Lakini ubavuni mwa boksi, kwa maka peni, kwa Kiswahili, iandikwe sentensi: "Itunzwe miaka 7 tangu mtu aache kazi. Ameacha: tarehe ______." Pale kwenye mstari mtupu ndipo kila kitu kilipo. Boksi ambalo mstari wake haujajazwa sisaini liteketezwe, hata kama meneja anataka nafasi ya kuweka jenereta. Na palipo na kesi au ukaguzi, tunabandika karatasi nyekundu na hesabu yote inasimama, msimbo useme unachotaka. Mimi nafanya hivi kwetu na bado nabishana. Mtu wa HR anasema sentensi ni ndefu. Nimemwambia boksi lina sentimita arobaini, inaenea.

Yule mzee alirudi wiki iliyofuata na mfuko wa Rambo. Ndani alikuwa na nakala ya barua yake ya 1994, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kutoboka. Alikuwa ameitunza nyumbani miaka 22 bila mwongozo wa mtu. Alichotaka kwetu ni mhuri tu, tuthibitishe kwamba inalingana na halisi. Sikuweza kuugonga, kwa sababu halisi ndiyo niliyoichana.

Tulipekua siku mbili. Mwishowe tukapata daftari la mishahara la miaka ile, juu ya kabati, nyuma ya mapambo ya Krismasi. Jina lake lilikuwemo kuanzia Machi 1994, kwa mwandiko wa mhasibu aliyeshastaafu zamani. Nikamwandikia barua, nikaambatanisha nakala ya ukurasa ule, akaondoka. Baadaye nilitaka kujua kwa nini daftari hilo halikwenda kwenye mashine pamoja na mengine, nikaligeuza jalada lake. Hakuna aliyewahi kuliandika msimbo.