Mmekuja Kuposa au Mmekuja Kupakia?

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja ameshatuma sauti ndefu katika kundi la ukoo, na kwa kuwa nimeanza kupigiwa simu na watu wa Geita na Shinyanga ambao sikujua hata kama wana namba yangu, nalazimika kuandika yaliyotokea Jumamosi tulipopeleka barua ya posa ya kaka yangu, kabla maneno yake hayajawa historia rasmi. Kwanza, gari halikuzimika. Nililizima mimi mwenyewe, kwa ufunguo, tena kwa utulivu. Pili, shangazi hakubebwa na mtu yeyote. Tatu, hilo la kwamba tuliingia ukweni kwa kutanguliza makalio, naomba tulifikie taratibu.

Wanaonifuata siku zote wanalijua gari langu. Ni Passo ya rangi ya fedha, ya toleo lile la kwanza ambalo Toyota walianza kuliuza Japani mwaka 2004 na ambalo lina pacha wake kwa Daihatsu aitwaye Boon. Lina urefu wa mita 3.6, injini ya CC 996 yenye pistoni tatu, na nguvu za farasi 71, ambao wote nimekuwa nikiwasifu hapa kana kwamba nimewafuga mimi. Mtaani huliita bebi woka. Mimi hujibu kwamba bebi woka hili linanusa mafuta tu, na kwamba huegeshwa Makoroboi, hapa mjini Mwanza, katika nafasi ambayo wenye magari makubwa huitazama, wakaguna, wakapita. Katika foleni ya Mkuyuni, wenzangu wanapotazama mshale wa mafuta kwa huzuni, mimi hutazama ziwa.

Kwa hiyo kaka yangu alipotaka kupeleka barua ya posa Bugarika, na wazee wakaanza kuchangishana fedha za kukodi gari kubwa aina ya Noah, nilisimama kikaoni na kutamka maneno ambayo rafiki yangu ameyanukuu kwa usahihi wa kuudhi: "Noah ya nini, wazee wangu? Gari lipo. Mafuta ya shilingi elfu kumi yatatupeleka na kuturudisha, na mengine yatabaki."

Mshenga alikaa mbele kama itifaki inavyotaka, barua ikiwa imefungwa katika kitambaa cheupe mapajani mwake. Nyuma walikaa baba mdogo, rafiki yangu huyo mwenye sauti ndefu, na katikati yao shangazi, ambaye ni mtu mwenye mwili wa heshima, na sitasema zaidi kwa sababu naye anasoma hapa. Katika buti tulipakia mfuko wa sukari wa kilo 25, kreti ya soda na doti za khanga, kisha mlango wa nyuma ukafungwa kwa msaada wa goti la baba mdogo. Nilipowasha gari, yule mwanamke wa Kijapani aliyemo ndani ya dashibodi akasema yale maneno yake ya kila siku. Wenye magari yaliyotoka Japani wanamfahamu: anakumbusha kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za kule kwao.

"Huyu mama anasema nini?" mshenga akauliza.

"Anatutakia safari njema, mzee."

Kutoka Nyegezi hadi mjini tulikwenda vizuri, na kwa kuwa njia ni ya lami, nilipata nafasi ya kuwaeleza abiria wangu matumizi ya mafuta kwa kilomita. Baba mdogo alisinzia. Mambo yaligeuka tulipoiacha lami na kuanza kupanda ile njia ya Bugarika, ambayo wasioijua Mwanza wanapaswa kuelezwa kwamba ni changarawe iliyomwagwa juu ya mwamba, na kwamba mvua ya usiku ilikuwa imeichimbia mifereji miwili ambayo haikupangwa kulingana na tairi za gari lolote. Mkumbuke pia kwamba Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake katika mwinuko wa namna hiyo. Kwa hiyo farasi wangu saba hivi walikuwa wamebaki pwani. Waliosalia walikuwa wakivuta gari la kilo zipatazo 900, watu wazima watano, sukari, soda, na kiyoyozi ambacho shangazi alikataa kizimwe kwa sababu ya poda yake.

Sasa naomba nisimulie polepole, kwa maana hapa ndipo rafiki yangu anapoongeza chumvi.

Juu, hatua chache kutoka tulipokuwa, wenyeji wetu walikuwa wameketi barazani kwenye viti vyeupe vya plastiki, wamevaa wakapendeza, wote wakitutazama. Nilikanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele ya juhudi kubwa, tairi za mbele zikazunguka, changarawe zikaruka zikagonga chini ya gari, na sisi tukabaki palepale. Nikakanyaga tena. Safari hii tulisogea, ila tulisogea kurudi nyuma. Barazani mtu mmoja akasimama ili aone vizuri. Kabla sijakamata breki sawasawa, mlango mmoja wa abiria wa nyuma ukafunguka na mtu akaruka nje. Mtu huyo si shangazi, si baba mdogo, wala si mshenga, na ndiye huyohuyo anayewatumia sauti. Mwanza haina shida ya mawe, kwa hiyo alitupa mawili nyuma ya tairi, nami nikazima gari. Ndivyo lilivyozimwa.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba lazima mtu ashuke na hakuna aliyetaka kutaja ni nani. Nilitazama kioo cha kati. Shangazi naye alikuwa akinitazama kupitia kioo hichohicho.

"Mwanangu," akasema, "kama ni mimi unayenifikiria, sema."

Sikusema. Niliyanusuru maisha yangu kwa kuwasha gari, na mwanamke wa Kijapani akarudia maneno yake.

"Mwambie aache kututakia," mshenga akasema, "ashuke asukume."

Ndipo akatokea kijana wa bodaboda, akaegesha pikipiki yake, akainama kutazama tairi za mbele, kisha akalizunguka gari na kulitazama buti.

"Braza, hili linavutia mbele, na mzigo wote mmeupeleka nyuma," akasema. "Mlimani uzito unazidi kuhamia nyuma, tairi za mbele zinabaki nyepesi, ndiyo maana zinazunguka bure. Shuka nalo taratibu hadi pale penye jiwe kubwa, geuza, upande kwa rivasi. Uzito utazilalia tairi zinazovuta." Akachungulia ndani. "Wazee hawa wawili watembee. Mama asishuke. Akae mbele, ndiye atakayezikandamiza tairi."

Sijawahi kumwona shangazi akihama kiti kwa furaha ya namna ile. Mshenga, mtu aliyekabidhiwa barua ya ukoo mzima, alitolewa kwenye kiti chake cha heshima na kuanza kupanda mlima kwa miguu, viatu vyake vya ngozi vikiteleza, kitambaa cheupe akikiinua juu kisiguse vumbi. Baba mdogo alimfuata akiwa na khanga begani. Rafiki yangu alipewa mfuko wa sukari, na labda hapo ndipo kinyongo kilipoanzia.

Nikageuza, nikaweka rivasi, nikapeleka mkono nyuma ya kiti cha shangazi, nikapinda shingo. Gari hili likirudi nyuma hutoa mlio ndani, tii, tii, tii, nalo lilipanda. Ninyi mnaocheka, naomba mlitambue hilo: lilipanda, bila kuteleza, bila kusukumwa, mlima uleule. Tatizo ni namna lilivyopanda. Watoto wa mtaa walijitokeza kila upande, wakakimbia kando yetu wakipiga kelele, "Njoo, njoo, kata kulia, rudi, njoo!" Shangazi, ambaye ukwe wake alikuwa amejipanga kuuanza kwa tabasamu, alikuwa ameupa mgongo na uso ameuelekeza ziwani. Alijaribu kugeuka akashindwa, kwa hiyo akatoa mkono dirishani na kupungia alikotarajia kwamba watu wapo. Walikuwa upande wa pili.

Tulipofika getini, baba wa binti mwenyewe alisimama na kuanza kunielekeza kwa bakora, njoo, njoo, kama ilivyo desturi ya kila mwanamume wa nchi hii aonapo gari linarudi nyuma. Nilikuja. Nilikuja kwa adabu, nikimtazama yeye na bakora yake, na kwa sababu hiyo sikukitazama kiti chake. Bampa lilikigusa taratibu sana. Kiti kikainuka kwa miguu miwili, kikafikiri kidogo, kikalala chali mbele ya wanawake wa ukoo wao, na mmoja wao, sijui kwa mazoea au kwa fedheha, akapiga kigelegele.

Mzee akakitazama kiti. Akalitazama buti langu lililokuwa limesimama mbele ya baraza yake. Akasema kwa sauti ambayo hata mshenga, aliyekuwa bado chini akihema, aliisikia:

"Hivi ninyi mmekuja kuposa, au mmekuja kupakia?"

Yaliyobaki hayana uzito. Mshenga alifika akiwa amelowa jasho, akapewa maji, barua ikapokelewa, tukala wali na sato, soda zikafunguliwa na nyingi zikamwagika povu kwa sababu ya mtikisiko, na kaka yangu akaambiwa asubiri majibu. Tuliondoka kwa kuteremka, na kwa kuwa gari lilikuwa tayari limetazama barabarani, niliona hiyo ni faida. Hakuna aliyeunga mkono.

Majibu yamefika leo. Wamekubali, na wametaja ng'ombe, blanketi la bibi na koti la babu, mambo ambayo tuliyategemea. Chini kabisa, chini ya sahihi ya baba wa binti, kumeongezwa mstari mmoja kwa kalamu ya wino mwingine: siku ya kuleta mahari, wageni wanaombwa wafike wakiwa wametazama mbele. Wazee wamekwisha kukodi Noah, nami nimepangiwa kubeba soda.