Maji yanapwa, bukta sina

Mimi ni mtu wa Singida, nimeoa Unguja, na ukweni kwangu adabu ndio kila kitu. Mama mkwe tukikutana ni shikamoo mama, marahaba baba, basi, kila mtu anaangalia pembeni. Hatujawahi kuzidisha hapo.

Sasa Iddi pili ya mwaka jana shemeji akakodi boti Fumba, twende kisiwa cha Kwale familia nzima, mama mkwe na watoto rundo. Watu wa pwani mnajua Iddi mwezi bado mchanga, ni bamvua, maji yanajaa mida ya saa kumi jioni na yakianza kutoka yanatoka kweli, sio mchezo. Kwa hiyo asubuhi tukaanzia fungu la mchanga, mchana tukala pweza na kamba wa kuchoma pale kisiwani, watoto wakapanda ule mbuyu mkubwa ulioanguka halafu ukagoma kufa, na laguni ikabaki ya mwisho maana bila maji kujaa pale huogelei, ni tope na mizizi tu.

Tulifika tumechelewa (wale kamba walikuwa watamu, mnisamehe). Lakini pazuri jamani! Mikoko kila upande, majabali ya matumbawe yameliwa chini na bahari yamebaki kama uyoga, na maji ya kijani, safi, unaona mpaka kucha za miguu yako. Hilo la kuona lishikeni.

Bukta yangu ilikuwa ya mtumba, nimeinunua Darajani, rangi ya machungwa, mpira wa kiuno umelegea na kamba yake ncha moja imezama ndani ya upindo haitoki hata kwa meno. Mke wangu akaitia pini. Nikavaa jaketi la kuokolea, nikajirusha. Jaketi likapanda mpaka masikioni, bukta ikashuka, kila kimoja na safari yake, pini sijui iliishia wapi.

Nikajibanza nyuma ya mkoko, naangalia bukta inakwenda zake na mkondo. Akaiokota mama mmoja wa kizungu mwenye miwani ya kuzamia, akainyanyua juu kabisa, anauliza kwa sauti ya nani. Laguni nzima kimya. Na mimi kimya. Basi akaitundika vizuri kwenye tawi, ng'ambo ya pili, akaenda zake.

Mara nahodha huyo, "Jamani tokeni, maji yatoka haya, tutapwelewa!" Wakapanda wote. Mimi nikasema naogelea kidogo. Maji kifuani. Baadaye kitovuni, nikakunja magoti. Yakashuka tena, nikachuchumaa, yaani bahari ikipungua na mimi napungua. Shemeji akaniita, "Shem, umekazwa na musuli nini?" Nikaona mlango huo umefunguka, nikadakia, "Eeh, musuli, musuli!" Kumbe nimejimaliza, vijana wawili wakavua mashati wanakuja kunibeba!

"MSIJEEE!"

Hapo ndipo mke wangu akaiona ile bukta kwenye tawi. Mkasaidiane kwenye shida na raha, si ndio tuliapa? Alikaa chini kwenye mbao za boti akacheka mpaka akashindwa kupumua. Mama mkwe akauliza kuna nini, akanong'onezwa. Bibi wa watu hakusema neno, akavua kanga begani, akampa shemeji aniletee, akageukia mikokoni na kumuuliza nahodha kwa sauti, "Hivi yule ndege gani yule?"

Nahodha akatazama weee. "Mama, mbona hapana ndege pale?"

Nikajifunga kanga nikatoka. Nilidhani yameisha, kumbe tayari chombo kimekaa, wanaume wote chini tusukume. Mkono mmoja kwenye boti, mmoja umeshika fundo la kanga, nimewapa mgongo abiria wote, na jina la kanga mnajua linakaa wapi ukijifunga. Kuna mtoto wa shemeji ndio kwanza anajifunza kusoma, hapitwi na bango wala mfuko wa sukari, akaanza kwa sauti, kidole juu, "Ja-po si-pa-ti... ta-maa si-ka-ti." Akapigiwa makofi. Hata nahodha alipiga.

Boti ikatoka, jua limeshalala tukafika Fumba, ambako suruali yangu ilikuwa kwenye gari siku nzima inanisubiri.

Kanga niliifua mwenyewe, nikaipiga pasi, nikampa mke wangu airudishe kwao. Siku ya pili ikarudi, tena imekuja na mwenzake. Mama kasema doti haitenganishwi, baba abaki nayo tu, Iddi kubwa ipo njiani.