Shamba la umma likodisheni, msiliuze, hata kama mnunuzi ni chama cha wakulima

Kuna hii hoja nimeisikia kwa matatu, kwa kinyozi, juzi hata kwa harusi: ati serikali imelalia mashamba kibao, mengine yamemea nyasi tu, pesa ya kuyalima haina, sasa si iyauze kwa chama cha wakulima, watu wanaojua kilimo, hela ziingie hazina na shamba lilimwe. Na inauzika vizuri sana kwa sababu ya jina la mnunuzi. Ukisema shamba la umma linauziwa bwanyenye fulani kila mtu atapiga nduru, lakini sema chama cha wakulima na watu wanalegea, ni kama shamba limetoka mkono wa kulia likaingia wa kushoto. Hapo ndipo mimi naona tunachezewa.

Tukumbushane kwanza haya mashamba ni gani. Uhuru ulipokuja walowezi wengi wakauza wakaenda zao, na sio kila shamba kubwa lilikatwa likagawiwa watu, mengine yaliwekwa chini ya shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, ADC, lililoundwa 1965. Kazi yake haikuwa kulima tu ili mahindi yauzwe, ilikuwa pia kutunza mifugo ya mbegu bora na kuzalisha mbegu. Ukienda Trans Nzoia mashamba ya ADC ndiyo yamekuwa yakikuza mbegu ya mahindi ya Kenya Seed miaka na miaka, halafu hiyo mbegu inaenda kwa mkulima, mkulima analeta mahindi, na wewe wa Umoja ama Githurai unakutana nayo kwa pakiti ya unga.

Sasa shamba la mbegu haliwezi kuwa mahali popote. Poleni ya mahindi inapeperushwa na upepo, kwa hivyo mahindi ya jirani yakiwa karibu mbegu inachanganyika na inakuwa takataka, ndio maana unahitaji eneo kubwa lililotengwa, mamia ya mita kabla ufikie mahindi ya mtu mwingine. Kata hilo shamba vipande vya futi 50 kwa 100, weka bikoni za mipaka, jenga vibanda vitatu na kanisa la mabati, basi imeisha hiyo, hakuna waziri atakuja kulirudisha. Hii ni ile kitu wanaosema "iuzwe tu" hawaigusi kabisa, wanaongea ni kama udongo ni udongo.

Lakini ni chama, hakitakata ploti, si ni wakulima? Haya, nikuonyeshe kitu. Shangazi yangu wa Kayole ana bahasha ya khaki anaiweka chini ya godoro. Ndani kuna cheti cha shea cha kampuni moja ya kununua mashamba, kimekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, kuna risiti za kulipia savei zenye mihuri ya zambarau, na kadi ya balloti, ile kura ya kugawia memba ploti, yenye namba ya ploti imeandikwa kwa bairo. Ukienda kwa hiyo ploti unapata nyumba ya mawe ya mtu mwingine, ana mpaka tangi la maji juu, na yeye pia anakutolea cheti kama hicho hicho, muhuri ule ule, namba ile ile. Huyo mtu sio mwizi, alilipa. Shangazi pia alilipa.

Na hizo kampuni na sosaiti za kununua mashamba hazikuanza kama utapeli, watu wanasahau. Miaka ya 60 na 70 mtu wa kawaida hangeweza kununua shamba la mzungu peke yake, wakachanga, mama wa soko, fundi, aliyekuwa kibarua kwa shamba lile lile, ikawa kampuni. Aidia poa kabisa. Shida ilikuwa ni nani anashika rejista ya memba. Maofisa walikaa na hicho kitabu, mkutano wa mwaka hauitwi, shea zinaongezwa usiku, memba wa kwanza wanazeeka na kufa, watoto wao hawajui hata ofisi ilihamia wapi. Kwa karatasi shamba bado ni la chama, ilhali kwa ukweli lina wenyewe watano ama sita wanaosaini cheki. Chama ni memba wa leo na maofisa wa leo, umma ni mpaka mtoto ambaye hajazaliwa, na taito ikishatoka huwezi kuiambia irudi kwa sababu mwenyekiti amebadilika.

Kuna wenye watanirushia ASK, chama cha kilimo cha Kenya, wale wa shoo ya kilimo pale Jamhuri, Nairobi. Chama cha zamani kweli, kilianza 1901 enzi za walowezi, na mimi mwenyewe shoo naipenda, zile ploti ndogo za maonyesho ambapo sukuma imesimama ni kama imepigwa pasi, ng'ombe wa maziwa wamesuguliwa mpaka wanang'aa, watoto wa shule na sare zao wakipanga laini ya aiskrimu badala ya kusikiza habari ya samadi. Sina neno nao na sisemi wananunua chochote. Lakini angalia uwanja wa shoo unatumika vipi katikati ya mwaka, matamasha, mikutano ya injili, chama kinahitaji kulipa bili kama kila mtu. Na Mamboleo kule Kisumu, uwanja wa shoo ndio ukajengwa stediamu iliyotumika kwa Madaraka Dei 2021. Stediamu ni kitu kizuri, sikatai, ninachosema ni kwamba kitu kilichowekwa kwa ajili ya kilimo kinageuka kikawa kingine bila mtu kuwa mbaya, ni presha ya mji tu. Sasa fikiria presha hiyo na taito iko mkononi mwa chama chenye deni la benki.

Alafu hii nchi ina historia bana. Tume ya Ndung'u, ile ya kuchunguza ardhi ya umma iliyonyakuliwa, iliundwa 2003, ikatoa ripoti 2004, ikasema kuna hati kama 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria ama kiholela kati ya 1962 na 2002. Laki mbili! Na nyingi hazikuwa karatasi za kuchapishwa River Road, zilitoka ofisi halali na saini halali. Msitu wa Karura hapa Nairobi ungekuwa maestate saa hii kama Wangari Maathai na wenzake hawangekubali kupigwa pale getini Januari 1999.

Sheria ya sasa sio mbaya, tena ndiyo inanipa nguvu ya kubishana. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi ya umma haitolewi ila kwa masharti ya sheria ya Bunge, na Sheria ya Ardhi ya 2012 inataja njia zenyewe: mnada, tenda, kura, na kuna moja ya kutoa kwa kundi maalum lililo katika hali duni. Hiyo ya mwisho ndiyo mlango nauangalia, chama kitajileta hapo kikisema kinawakilisha wakulima wadogo, na utapata mkulima mdogo mwenyewe hajawahi kuona fomu ya umemba. Sheria hiyo hiyo inaweka kando ardhi iliyotengewa utafiti, na inataka ilani kwa umma angalau siku 30 kabla.

Nakubali serikali sio mkulima mzuri. Galana Kulalu, ule mradi wa serikali wa kulima mahindi kwa umwagiliaji, ilizinduliwa 2014 kwa mbwembwe, ati njaa kwaheri, tukaona vile ilisuasua. Kwa hivyo kama chama kina matrekta, kina memba wanaolima, kipewe shamba kwa kukodisha, miaka 25 ama 30, kodi ipitiwe kila miaka mitano, marufuku kukata ploti, sehemu za mbegu na mifugo zibaki kando, na msimu ukipita bila kulimwa bila sababu shamba lirudi. Ati bila kuuziwa benki haitawapa mkopo? Nairobi nzima watu wanakopa na ardhi ya lisi ya miaka 99, wewe nenda Kilimani uulize ni wangapi wana taito ya milele. Na pesa ya kuuza huja mara moja, inaingia kwa bajeti, inalipa mishahara na mafuta ya magari ya wakubwa, kufika Juni ijayo hakuna shilingi wala shamba. Kodi ni kidogo lakini inakuja kila mwaka.

Tuliuza tukajuta si mara moja. KCC, ile ya viwanda vya maziwa, ilichukuliwa na watu binafsi ikawa KCC 2000, kufika 2003 serikali ya Kibaki ikairudisha kwa pesa za mlipa ushuru ikawa New KCC. Kiwanda angalau unaweza kukinunua tena, kina bei. Shamba lenye nyumba elfu mbili juu utalinunua kutoka kwa nani?

Ilani ikitoka mimi sitaanza na bei. Nitaangalia kama kuna masharti ya shamba kurudi, na kama orodha ya memba wa hicho chama imewekwa wazi, majina, kaunti, nani analima nini. Ikikosekana moja kati ya hizo naandika pingamizi, naipeleka mwenyewe pale Ardhi House nipigiwe muhuri wa kupokelewa, na shangazi ameshasema tutaenda naye na bahasha yake.