Kunasa metali nzito kwa vifaa vya nano vya asili: swali ni zinakopelekwa

Risasi, kadimiamu na kromiamu zikishaingia kwenye majitaka haziozi wala hazivunjiki, huhamishwa tu. Kwa hiyo kila njia ya kuziondoa niipimayo, hata hii ya vifaa vya nano vya asili (chembe na nyuzi ndogo mno zitokanazo na viumbe), naiuliza inazipeleka wapi.

Viwandani njia iliyozoeleka ni chokaa: pH, yaani kipimo cha uasidi au ubesi wa maji, hupanda, metali huganda na kutuama kama tope. Zikiwa nyingi, njia hii inafaa sana. Ugumu uko kwenye mabaki madogo. Katika maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita na 3 za kadimiamu. Kukaribia huko kwa chokaa peke yake ni vigumu.

Hapo watetezi wa vifaa vya nano vya asili wana hoja nzito. Kitosani hutokana na magamba ya kaa na kamba ambayo aghalabu hutupwa, na vikundi vyake vya amino (sehemu za molekuli zenye nitrojeni) hushika ioni za metali, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme. Nyuzi za selulosi, zikichambuliwa hadi upana wa nanomita chache, hupata eneo kubwa mno la kunasia.

Takwimu za maabara, hata hivyo, nazisoma kwa tahadhari. Mara nyingi hupimwa kwa maji safi yaliyotiwa metali moja, ilhali majitaka halisi yana kalsiamu na magnesiamu zinazogombea nafasi zilezile. Kitosani nayo huyeyuka kwenye asidi. Ikifungamanishwa kikemikali isiyeyuke, mara nyingi hupoteza sehemu ya amino zilezile tunazozitegemea. Na kromiamu ya valensi sita, mojawapo ya maumbo ya kromiamu, ambayo husafiri kama ioni hasi, hunaswa vizuri kwenye asidi, mahali ambapo risasi hushikika kwa shida.

Wala uasili si hati ya usafi: kutengeneza kitosani huhitaji soda kali, na kuchambua selulosi hula umeme mwingi. Kisha kifaa kikishajaa huoshwa kwa asidi, nasi tunabaki na kimiminika kidogo chenye sumu nyingi. Na kukichoma badala ya kukiosha, kama kimenasa zebaki, metali nyingine nzito, ni kuirusha hewani.

Kwa maoni yangu vifaa hivi vinastahili nafasi baada ya chokaa, kama hatua ya mwisho, si badala yake. Anayevinadi aonyeshe jinsi vinavyofanya kazi kwenye majitaka halisi baada ya kuoshwa mara nyingi, na aseme ile asidi ya kuoshea inaishia wapi.