Miaka ya kati katika shule za kimataifa: kuuliza bila kukariri, au kuuliza bila kujua?

Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka 11 au 12 katika shule ya kimataifa hukutana mapema na jambo linalomkanganya. Akiuliza mtoto atasoma nini mwaka huu, anajibiwa zaidi jinsi mtoto atakavyosoma. Ataelezwa habari za udadisi, dhana kuu, stadi za kufikiri na kuoanisha masomo. Lakini mada zenyewe, zile ambazo yeye alizoea kuzikuta zimepangwa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu cha kiada, hazipatikani kwa urahisi. Wapo wanaosema kwamba hilo ndilo jema kubwa la shule hizi, na wapo wanaosema kwamba ni maneno mazuri yanayofunika upungufu wa maarifa. Pande zote mbili zina hoja, ingawa kwa maoni yangu hoja hizo hazina uzito ulio sawa katika kila somo.

Ieleweke kwanza kwamba jina "shule ya kimataifa" halitaji mtaala mmoja. Shule inayofuata mtaala wa Cambridge kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 hupewa malengo ya kila somo, na mwishoni wanafunzi wanaweza kufanya mtihani uitwao Checkpoint katika Kiingereza, hisabati na sayansi, hivyo swali la mzazi wetu lina jibu la kuridhisha huko. Mjadala unawaka zaidi katika shule zinazofuata Programu ya Miaka ya Kati ya shirika la International Baccalaureate, ambayo wengi huiita kwa kifupi MYP. Programu hiyo ilianzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 16, na ina makundi manane ya masomo: lugha na fasihi, lugha ya kujifunza, jamii na watu wake, sayansi, hisabati, sanaa, elimu ya michezo na afya, na usanifu. Kila kundi linapaswa kufundishwa kwa saa zisizopungua 50 kwa mwaka. Hata hivyo MYP ni kiunzi tu. Vita gani vitasomwa katika historia, au ni lini mwanafunzi atakutana na seli katika baiolojia, shule yenyewe ndiyo huamua.

Uhuru huo una chimbuko lake. Shule ya kimataifa ya Geneva ilifunguliwa mwaka 1924 ili kuwasomesha watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, na wa Shirika la Kazi Duniani. Ni katika mazingira ya jiji hilo hilo ambamo International Baccalaureate iliundwa mwaka 1968. Darasa lenye watoto wa mataifa kumi haliwezi kufundishwa historia ya taifa moja kana kwamba ndiyo historia ya wote. Basi ikaonekana afadhali kukubaliana kuhusu aina ya fikra inayotakiwa, na kuziachia shule zichague mada zake.

Tuchukue somo moja la sayansi tuone fikra hiyo inavyofanya kazi. Wanafunzi wa miaka 13 wamepewa uzi, vyuma vya uzito tofauti na saa ya kupimia sekunde, kisha wameulizwa ni kitu gani kinachoamua kasi ya pendulumu, yaani uzito ulioning'inizwa na kuachwa ubembee. Karibu wote watadhani kwamba chuma kizito kitabembea haraka zaidi. Mwalimu hawasahihishi. Anawataka waandike dhana yao, waseme watabadilisha nini na nini hakitaguswa, halafu wapime. Mmoja anahesabu mbembeo mmoja tu, na majibu yake hayafanani hata mara mbili. Mwenzake anamwonyesha kwamba akipima mibembeo kumi kisha akagawa kwa kumi, kosa la kidole kinachochelewa kubonyeza saa linapungua mara kumi. Mwisho wa kipindi uzi wa mita moja umewapa takribani sekunde 20 kwa mibembeo kumi ya kwenda na kurudi, chuma kiwe chepesi au kizito. Dhana yao imeanguka mbele ya macho yao wenyewe, na wanalazimika kuandika kwa nini.

Wanaoutetea mfumo huu wana haki ya kujivunia kipindi kama hicho. Mtoto aliyekariri kwamba uzito haubadilishi muda wa mbembeo atalisahau jambo hilo baada ya mtihani, lakini aliyeona utabiri wake ukikataliwa na saa amejifunza kitu kuhusu utabiri wote atakaoufanya baadaye. Shule nyingi zenye orodha ndefu ya mada hazimpi mtoto nafasi hiyo hata mara moja katika miaka mitatu.

Sasa tuingie katika kipindi kinachofuata. Wanafunzi wanafupisha uzi hadi sentimita 50, wakitarajia kwamba nusu ya urefu italeta nusu ya muda. Wanapata kama sekunde 14, wala si 10. Wanafupisha tena hadi sentimita 25, na hapo ndipo zinapotokea 10. Namba zimesimama mezani zikiwa sahihi kabisa, na hakuna anayeweza kuzisoma, kwa sababu uhusiano uliomo ni wa kipeuo cha pili na darasa hilo halijafundishwa kipeuo cha pili. Ripoti zao zitasema kwamba "urefu ukipungua, muda hupungua", jambo ambalo mtoto aliyewahi kucheza bembea analijua bila maabara. Hapa ndipo wakosoaji wanaponipata. Udadisi uliwafikisha mlangoni, na ufunguo ulikuwa ni kipande cha hisabati ambacho mtu alipaswa kuwa amekifundisha wazi, kwa mazoezi ya kurudiarudia, miezi michache kabla.

Katika sayansi upungufu huo hujitokeza wenyewe, maana namba hukataa kusomeka. Katika historia unaweza kukaa miaka bila kuonekana. Mwanafunzi anaweza kuandika insha safi kuhusu dhana ya mabadiliko, yenye mifano miwili aliyopewa na mwalimu, pasipo kujua kipi kati ya hiyo mifano kilitangulia kwa miaka mia mbili. Tena kuna kinaya kisichozungumzwa vya kutosha: mfumo unaowafaa watoto wa familia zinazohamahama ndio unaoweza kumfanya mtoto anayehama asome mzunguko wa maji mara mbili na asikutane kabisa na Mapinduzi ya Ufaransa, kwa kuwa shule mbili za MYP hazilazimiki kufundisha mada zile zile katika mwaka ule ule.

Upimaji nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Kila somo lina vigezo vinne, kila kigezo kina alama za juu 8, na jumla ya 32 hugeuzwa kuwa daraja la 1 hadi 7. Mzazi akiona 5 juu ya 8 huigeuza kichwani kuwa asilimia 62 na kununa, ilhali kila ngazi imeandikiwa maelezo ya kazi anayoweza kuifanya mwanafunzi, na mwanafunzi mwenye 5 katika vigezo vyote vinne amefikisha 20, ambayo ni daraja la 5. Kwa hilo mfumo ni wa haki kuliko asilimia tupu. Lakini katika sayansi kigezo kimoja tu kati ya vinne ndicho kinachobeba jina la kujua na kuelewa. Vingine ni kubuni uchunguzi, kuchakata matokeo na kutafakari athari za sayansi. Si kwamba hivyo vitatu havihitaji maarifa, kama pendulumu ilivyoonyesha, ila mwalimu aliyebanwa na muda anaweza kuvijaza kwa ripoti nadhifu zisizo na kitu ndani.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuutupa mfumo, wala sikubaliani na wale wanaomwambia mzazi kwamba orodha ya mada ni mambo ya zamani. MYP haimkatazi mwalimu kuandika maarifa mahususi yatakayofundishwa katika kila sura. Kinyume chake, mipango ya sura ina sehemu ya maudhui, na shule iliyojipanga huiunganisha mipango hiyo kutoka mwaka wa kwanza hadi wa mwisho ili mwalimu wa sayansi ajue mwezi ambao mwenzake wa hisabati atafika kwenye vipeuo. Hati hiyo ndiyo mzazi aiombe siku ya usajili. Shule iliyo nayo itaifungua kwenye kompyuta papo hapo. Isiyo nayo itamrudisha kwenye kipeperushi chenye picha za watoto wanaotabasamu wakiwa wameshika chupa za maabara.